Kiti Kitupu Arusini: Maandalizi ya Safari na Deni la Asiyekuwapo katika Kazi za Coleridge na Slocum

Utangulizi

Mtu anapojiandaa kuhamia katika chombo kidogo cha tanga na kukifanya makao yake, kazi inayoonekana ni ya mikono. Mbao huchongwa, tanga hushonwa, maji na chakula hupimwa. Kazi isiyoonekana ni ile ya kujitoa katika mambo ya watu. Katika muda uo huo wa matayarisho rafiki huoa, mzazi huugua, mtoto huzaliwa, na msafiri hayupo. Au yupo kwa mwili tu huku mawazo yake yakiwa kwenye mlingoti. Fasihi ya bahari iliyoandikwa kwa Kiingereza imeieleza kazi ya kwanza kwa mapana na marefu. Ya pili imeigusa kwa nadra. Makala haya yanachunguza ukimya huo kwa kulinganisha kazi mbili: shairi la S. T. Coleridge, The Rime of the Ancient Mariner, lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 1798 katika diwani ya Lyrical Ballads aliyoshirikiana na William Wordsworth, na masimulizi ya Joshua Slocum, Sailing Alone Around the World, yaliyotoka kama kitabu mwaka 1900.

Kwa mtazamo wa kwanza kazi hizi hazina udugu. Moja ni shairi simulizi lenye mizimu na maajabu, lililotungwa na mtu ambaye kufikia wakati huo hakuwa amewahi kuvuka bahari. Nyingine ni maelezo ya nahodha aliyeizunguka dunia peke yake kati ya mwaka 1895 na 1898. Sababu ya kuziweka pamoja ni kwamba kila moja inacho kile ambacho mwenzake amekikosa. Coleridge ana arusi iliyoandaliwa kikamilifu lakini hana maandalizi ya safari. Slocum ana maandalizi ya safari yaliyoelezwa ubao kwa ubao lakini hana arusi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maandalizi ya safari ndiyo mahali ambapo deni la msafiri kwa waliobaki huandikwa au hufutwa, na kwamba uzito wa kimaadili wa hadithi ya bahari hutegemea jinsi deni hilo linavyokubaliwa.

Arusi Isiyohudhuriwa

Shairi la Coleridge linaanzia mlangoni pa nyumba ya arusi. Wageni wamekwisha kufika, karamu imeandaliwa na kelele za furaha zinasikika nje. Baharia Mkongwe anamzuia mmoja kati ya walikwa watatu. Mtunzi anatufahamisha mapema kwamba huyu si mgeni wa kawaida: ni ndugu wa karibu kabisa wa bwana arusi. Mwalikwa anajaribu kujitoa, na anapoachiliwa mkono anajikuta amefungwa na macho ya msimulizi. Anaketi juu ya jiwe na kusikiliza. Bibi arusi anaingia ukumbini akitanguliwa na wapiga muziki, na Mwalikwa anajipiga kifua kwa uchungu, lakini hainuki.

Wahakiki wengi wa shairi hili wameelekeza macho yao kwa ndege aliyeuawa. Wamejadili dhambi, adhabu, toba na neema, na mjadala huo una msingi. Hata hivyo, fremu ya usimulizi inauliza swali jingine: ni nani anayelipa gharama ya hadithi hii? Baharia ameulipia uovu wake, na mabaharia wenzake mia mbili wamelipa kwa maisha yao. Lakini mtu wa tatu analipa bila ya kushauriwa, naye ni bwana arusi. Mhusika huyu hapewi neno hata moja katika shairi zima. Hatusikii kama alichungulia mlangoni, wala kama aliuliza aliko ndugu yake. Msomaji anajua tu kwamba karamu iliendelea, na kwamba mtu aliyestahili kuwa karibu naye alikuwa nje, hatua chache kutoka mlangoni, akisikiliza habari za barafu na kiu.

Inaweza kupingwa kwamba Mwalikwa amefaidika. Shairi linamalizika kwa kusema kwamba aliamka kesho yake akiwa na huzuni zaidi na hekima zaidi. Jibu ni kwamba hekima hiyo haikumfikia bwana arusi. Kinaya cha shairi kimo hapa: fundisho analolitoa Baharia mwishoni ni la upendo kwa viumbe wote, na anatamka waziwazi kuwa kwenda pamoja na watu kusali kunampendeza kuliko karamu ya arusi. Anasifu mkusanyiko wa watu akiwa amemtoa mtu katika mkusanyiko wa watu. Mwalikwa naye, anapoachiliwa, haingii ndani hata kwa kuchelewa. Anageuka na kwenda zake. Coleridge hakuifanya hadithi ya bahari kuwa zawadi isiyo na bei. Aliweka bei yake mwanzoni mwa shairi na akairejea mwishoni, ili msomaji asije akaisahau.

Pamoja na hayo, shairi lina pengo. Kuondoka kwa meli kunaelezwa kwa beti chache mno. Watu wanashangilia bandarini, chombo kinaliacha kanisa, kilima na mnara wa taa, na mara kimo baharini. Baharia aliagana na nani? Aliahidi kurudi lini? Arusi ya nani ilipita wakati yeye alipokuwa katika bahari ya kusini? Shairi halisemi. Baharia anafika katika usimulizi akiwa mtu asiye na jamaa, na pengine ndiyo sababu haoni ubaya wa kumtenga mwingine na jamaa zake.

Chombo Kinachoundwa

Pengo hilo la maandalizi ndilo linalojazwa na Slocum. Sura ya kwanza ya kitabu chake ni miongoni mwa maelezo bora ya uundaji wa chombo katika fasihi ya safari. Majira ya baridi ya mwaka 1892 Slocum, nahodha aliyezaliwa Nova Scotia mwaka 1844 na ambaye sasa hakuwa na meli ya kuongoza, alizawadiwa chombo na rafiki yake, nahodha mvuvi wa nyangumi aitwaye Eben Pierce. Zawadi hiyo ilikuwa na mzaha ndani yake. Alipofika Fairhaven, Massachusetts, Slocum aliikuta Spray ikiwa imeegemezwa kondeni, mbali na maji, imefunikwa turubai, na kuukuu kiasi kwamba majirani walikisia kuwa mgeni amekuja kuivunja. Alipowaambia kwamba amekuja kuijenga upya, walishangaa.

Kutoka hapo maelezo yanakwenda kwa mwendo wa kazi yenyewe. Mwaloni ulikatwa jirani ili kupata mkuku. Miti michanga ilitiwa katika sanduku la mvuke hadi ikalainika, kisha ikapindwa kuwa mataruma. Mbao zikapigiliwa na mianya ikakalafatiwa. Kazi ilichukua miezi 13 ya jasho lake mwenyewe, na vifaa vikagharimu dola 553 na senti 62. Kilichopatikana ni chombo cha urefu wa futi 36 na inchi 9, na upana wa futi 14 na inchi 2. Msimulizi anazitaja hesabu hizi kwa fahari ya fundi, na msomaji anashiriki fahari hiyo.

Lakini mtu akiisoma sura hii baada ya kuisoma arusi ya Coleridge, ataona jambo ambalo jina la kitabu linalificha. Maandalizi ya mtu anayetaka kusafiri peke yake yamejaa watu. Chombo chenyewe ni zawadi ya rafiki. Manahodha wazee wa uvuvi wa nyangumi wanakuja kutazama kazi, wanaikagua na kuipitisha. Wapita njia wanauliza kama kazi hiyo italipa. Baadaye, huko Gloucester, msafiri anaongezewa samaki wakavu na pipa la mafuta ya kumwaga baharini ili kutuliza mawimbi. Huu ni mchango wa jamii. Watu wanakusanyika, wanaleta walicho nacho, wanapima gharama, wanatoa baraka na kushuhudia chombo kikitiwa majini. Kwa maneno mengine, maandalizi ya Spray yana umbo la arusi.

Ulinganisho huu unatiwa nguvu na lugha. Kiingereza cha mabaharia hukitaja chombo kwa kiwakilishi cha mwanamke, na Slocum anafuata desturi hiyo katika kitabu chote. Ngeli za Kiswahili hazina jinsia, na kwa hiyo mtu atakayeitafsiri sura hii atalipoteza dokezo hilo. Atakachokipata badala yake si haba. Neno chombo kwa Kiswahili linataja chenye kusafiri majini, na pia linataja kile kinachotumika jikoni na ndani ya nyumba. Vyombo ni miongoni mwa vitu ambavyo bibi arusi huingia navyo nyumbani kwake. Msomaji wa Kiswahili anayeambiwa kwamba mtu fulani ametumia miezi 13 akiandaa chombo ana haki ya kuuliza: ni kwa ajili ya nyumba ipi?

Matanga ya Henrietta

Swali hilo linaongoza kwenye kazi nyingine ya Slocum, ambayo haisomwi sana. Mwishoni mwa mwaka 1887 meli yake Aquidneck iliharibikia katika pwani ya Brazili. Alikuwamo na mkewe wa pili, Henrietta, aliyemwoa mwaka 1886 baada ya mke wa kwanza, Virginia, kufariki Buenos Aires mwaka 1884. Walikuwamo pia wana wawili. Badala ya kurudi nyumbani kama abiria wa wengine, familia hiyo iliunda chombo cha urefu wa futi 35. Kilitiwa majini tarehe 13 Mei 1888, siku ile ambayo sheria ya kuukomesha utumwa ilitiwa sahihi nchini Brazili, na kikaitwa Liberdade, yaani Uhuru. Habari zake zilichapishwa mwaka 1890 katika kitabu Voyage of the Liberdade. Matanga yake yalishonwa na Henrietta, ambaye alikuwa fundi wa nguo.

Vyombo hivi viwili havipishani sana kwa urefu. Tofauti yao ya msingi iko katika watu. Liberdade ni nyumba iliyoingia baharini ikiwa na wenyewe, na maandalizi yake yamegawanywa kati ya mikono kadhaa. Spray ni nyumba ya mtu mmoja, na Henrietta hana sauti katika sura ya uundaji wake. Mwanamke aliyeshona matanga ya safari ya kwanza hapewi sindano wala neno katika maandalizi ya safari ya pili. Si kazi ya uhakiki kuamua kama ndoa hiyo ilikuwa na raha au karaha. Kinachostahili kuangaliwa ni uamuzi wa kisanaa: msimulizi aliyewakumbuka wapita njia na maswali yao, na aliyeihesabu kila senti, amechagua kutouhesabu upweke wa nyumba aliyoiacha.

Hata hivyo, kilichonyamaziwa bandarini kinajitokeza baharini. Mara tu nchi kavu inapotoweka, msimulizi analemewa na upweke. Anajizoeza kusema kwa sauti ili asije akapoteza mazoea ya kunena. Anamuuliza mshika usukani asiyekuwapo kuhusu mwelekeo wa chombo. Katika dhoruba baada ya Azores, akiwa mgonjwa kwa sababu ya kula plamu na jibini, anamwona rubani wa meli Pinta ya Columbus akiwa ameshika usukani badala yake. Wahakiki huvichukulia vipengele hivi kama ucheshi wa nahodha mzee, na ucheshi umo. Lakini kimuundo ni marejeo ya watu waliotolewa katika hesabu. Aliyewaacha watu halisi anabuni wengine ili awe na mtu wa kumjibu.

Kutokuwapo na Adabu Yake

Jamii za pwani ya Afrika Mashariki zimeishi na tatizo hili tangu zamani, kwani pepo za msimu haziwangoji wanaooa. Jahazi lililotegemea kaskazi au kusi halikuweza kuahirisha safari kwa ajili ya sherehe, na baharia alijua kwamba mengine yatapita nyuma yake. Methali zimelihifadhi tatizo hilo kwa pande zake mbili. Asiyekuwapo na lake halipo ni hukumu kali: jamii haimwekei fungu aliyekosekana. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani inasema kwamba mtu atazunguka chomboni mbele na nyuma, lakini mwisho wake ni kurudi pale pa chini, panapokusanyika maji ya kufumwa. Anayekwenda atarudi, na atayakuta yaliyojikusanya katika kutokuwapo kwake.

Katikati ya methali hizi mbili kuna adabu. Ndoa ya Kiislamu huruhusu bwana arusi mwenyewe awakilishwe na wakili, na kwa hiyo hata aliye mbali anaweza kuoa. Asiyeweza kuhudhuria hutuma salamu, zawadi au mtu wa kusimama badala yake. Taratibu hizi hazifuti kukosekana kwake. Zinakikiri kiti kitupu na kukipa maana. Aliyetuma wakili amesema kwamba anafahamu alipopaswa kuwa.

Kwa kipimo hiki, kosa la Mwalikwa wa Coleridge si kuikosa arusi, kwa kuwa amefungwa kwa nguvu zisizo za kawaida. Kosa lake, kama lipo, ni kuondoka mlangoni bila ya kutuma neno. Kadhalika, udhaifu wa sura ya kwanza ya Slocum hautokani na uamuzi wa kuondoka. Unatokana na kuandika kana kwamba hakuna aliyepungukiwa na kuondoka huko.

Mfano wa baadaye unaonyesha kikomo cha mwelekeo huu. Mfaransa Bernard Moitessier alikiita chombo chake Joshua kwa heshima ya Slocum. Mwaka 1968, akijiandaa huko Plymouth kwa mashindano ya kuizunguka dunia peke yake bila ya kutua, aliyaondoa mengi chomboni ili kukipunguzia uzito, zikiwamo injini, minyororo na vitabu. Kwake yeye maandalizi ni kupunguza. Mwaka uliofuata, akiwa na matumaini makubwa ya kushinda, aliacha mashindano, akarusha ujumbe kwa manati kwenye meli moja karibu na Cape Town, na akaendelea hadi Tahiti badala ya kurudi Ulaya, alikokuwa mkewe. Kitabu chake La Longue Route, kilichotoka mwaka 1971, kimesifiwa kama utenzi wa uhuru. Lakini ujumbe ule wa manati, japo ni mfupi, unathibitisha kwamba hata yeye aliyepunguza kila kitu alihisi kwamba kuna watu wanaodai taarifa. Hakuweza kuupunguza wajibu wa kueleza.

Hitimisho

Kabla ya kumhukumu Slocum, haki inataka kitabu chake kisomwe kutoka ukurasa wa kutabaruku hadi wa mwisho. Kitabu hakikutabarukiwa bahari wala chombo. Kimetolewa kwa mtu ambaye hakutajwa jina, aliyesema kwamba Spray itarudi. Kwa hiyo kabla ya mwaloni kukatwa na kabla ya ubao wa kwanza kupigiliwa, kuna mtu aliyebaki ufuoni na kutoa neno la imani. Na baada ya Spray kutia nanga Newport mwezi wa Juni 1898, msimulizi hakuridhika. Aliirudisha hadi Fairhaven, akaifunga kwenye gogo lile lile la mwerezi lililokuwa limeishikilia siku ilipotiwa majini. Anasema kwamba asingeweza kuifikisha karibu na nyumbani zaidi ya hapo.

Katika kurasa hizi mbili deni linakubaliwa. Gogo la mwerezi ni jazanda inayoyajibu maandalizi yote ya sura ya kwanza. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya kuondoka kilikuwa tangu mwanzo na mahali pake pa kufungwa. Hata hivyo ungamo hilo limewekwa pembezoni mwa masimulizi, mwanzoni kabisa na mwishoni kabisa, na aliyetamka lile neno la imani bado hana jina. Coleridge naye aliiweka arusi pembezoni mwa shairi lake, mwanzoni na mwishoni. Kazi zote mbili zinamtaka msomaji atazame pembeni ili aione gharama ya kilichomo katikati.

Fundisho kwa uhakiki ni kwamba sifa za uhuru wa bahari hazitoshi kuwa kipimo cha fasihi ya aina hii. Inapasa kuuliza, katika kila maelezo ya mbao, tanga na pipa la maji, ni sherehe ya nani iliyokuwa ikiendelea wakati uo huo, na mtunzi amemfanyia nini yule aliyekuwa akimngoja mgeni wake. Mwalikwa wa Coleridge aliamka na hekima. Bwana arusi aliamka siku ya kwanza ya ndoa yake bila ya kujua kilichomzuia ndugu yake kuingia, na hadi leo shairi halijamwambia.